Georg Ohm: Mtoto wa fundi kufuli aliyewaachia mafundi wa redio za magari kipimo chao

Likasi, Haut-Katanga. Nyuma ya kila spika kubwa ya besi inayofungwa kwenye buti la gari mjini Likasi kuna namba ndogo ambayo wateja wengi hawaitazami. Mara nyingi ni 1, 2, 4 au 8, ikifuatiwa na herufi ya Kigiriki inayofanana na pete iliyoachwa wazi upande wa chini. Fundi akiipuuza namba hiyo, amplifaya iliyonunuliwa kwa akiba ya miezi kadhaa inaweza kuungua katika jioni moja.

Namba hiyo ni omu, kipimo cha jinsi kifaa kinavyouzuia umeme kupita. Kimepewa jina la Georg Simon Ohm, mwalimu wa sekondari wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1854, kabla ya gari la injini ya petroli, redio na amplifaya kuwapo duniani.

Kanuni aliyoigundua leo ni somo la kwanza la kila mwanafunzi wa umeme. Lakini yeye mwenyewe haikumpa utajiri wala cheo kwa muda mrefu. Alipoichapisha mwaka 1827 ilimletea dharau. Alikaa miaka mitano bila kazi ya kudumu, na alisubiri miaka 25 hadi kupewa kiti cha uprofesa wa fizikia alichokitamani tangu ujana.

Nyumba ya fundi kufuli

Ohm alizaliwa Machi 16, 1789 mjini Erlangen, eneo ambalo sasa ni sehemu ya jimbo la Bavaria. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi kufuli. Mama yake, Maria Elizabeth Beck, alikuwa binti wa mshona nguo. Kati ya watoto saba waliozaliwa katika nyumba hiyo, watatu tu ndio waliokua hadi utu uzima: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao Elizabeth Barbara. Mama alifariki Georg akiwa na umri wa miaka kumi.

Baba huyo hakuwa na elimu kubwa ya darasani, lakini alikuwa amejisomea hisabati na sayansi kwa juhudi zake. Jioni, baada ya kazi ya karakana, aliwafundisha watoto wake mwenyewe. Profesa wa chuo kikuu cha mji huo, Karl Christian von Langsdorf, aliwapima vijana hao wawili na kuwafananisha na ndugu wa ukoo wa Bernoulli, uliosifika Ulaya nzima kwa wanahisabati wake. Martin naye baadaye alikuja kuwa profesa wa hisabati mjini Berlin.

Katika karakana ya baba, Georg alijifunza jambo jingine lililomfaa zaidi baadaye. Alijua kushika tupa, kukata chuma, kunyoosha waya na kutengeneza kifaa kwa mikono yake. Wasomi wengi wa fizikia wa wakati wake walilazimika kuagiza vifaa kwa mafundi. Yeye alijitengenezea.

Kijana aliyemkasirisha baba

Mwaka 1805 Georg aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Huko alipenda zaidi kucheza dansi, kuteleza kwenye barafu na kucheza biliadi kuliko vitabu. Baba, aliyekuwa akijinyima ili mtoto asome, alikasirika na kumwondoa chuoni. Septemba 1806, akiwa na umri wa miaka 17, Georg alipelekwa Uswisi kufundisha hisabati katika shule ya Gottstadt, karibu na Nydau.

Miaka hiyo ya Uswisi ilimtuliza. Langsdorf alimshauri ajisomee kazi za wanahisabati wakubwa wa zama hizo, akiwamo Euler na Laplace. Mwaka 1809 alihamia Neuchâtel kuwa mwalimu wa binafsi, huku akiendelea kujisomea. Mwaka 1811 alirudi Erlangen, na Oktoba mwaka huo alipata shahada ya udaktari.

Lakini shahada haikumletea riziki. Alifundisha chuoni kwa mihula mitatu kwa malipo madogo, kisha akaona hakuna dalili ya kupanda. Mwaka 1813 alikubali kazi katika shule moja ya Bamberg, nayo ikafungwa mwaka 1816. Akahamishiwa shule nyingine ya mji huohuo iliyokuwa imejaa wanafunzi. Katikati ya mahangaiko hayo aliandika kitabu cha kufundishia jometri, na nakala yake akaituma kwa mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia.

Kitabu hicho ndicho kilichomfungulia mlango. Septemba 1817 alipewa kazi ya kufundisha hisabati na fizikia katika sekondari ya zamani ya Wajesuti mjini Cologne. Shule hiyo ilikuwa na walimu wazuri, na kikubwa zaidi, ilikuwa na maabara ya fizikia. Mmoja wa wanafunzi waliopita mikononi mwake hapo ni Dirichlet, aliyekuja kuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa karne hiyo.

Kosa la mwaka 1825

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aligundua kwamba waya unaopitisha umeme huisogeza sindano ya sumaku. Habari hiyo iliwasisimua wanasayansi wa Ulaya nzima. Kwa mara ya kwanza, umeme usioonekana uliweza kupimwa kwa kuangalia sindano imesogea kiasi gani. Ohm naye akaanza majaribio ya usiku, baada ya vipindi vya darasani.

Swali lake lilionekana la kawaida. Waya ukiwa mrefu zaidi, umeme unaopita hupungua kiasi gani? Mwaka 1825 alichapisha jibu lake la kwanza, na jibu hilo halikuwa sahihi.

Tatizo lilikuwa chanzo chake cha umeme. Alitumia betri za kemikali za wakati huo, ambazo hupoteza nguvu mara tu zinapounganishwa. Alidhani anapima waya, kumbe alikuwa akipima waya pamoja na uchovu wa betri. Fundi yeyote wa gari anayelijua tatizo la betri iliyochoka anaweza kuuelewa mtego huo: spika hulaumiwa, kumbe kasoro iko kwenye betri.

Mhariri wa jarida la fizikia, Johann Christian Poggendorff, alimshauri abadili chanzo. Miaka michache kabla, Thomas Johann Seebeck alikuwa amegundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa, na maungio yao yakawekwa kwenye joto tofauti, hutoa umeme mdogo lakini usioyumba. Ohm akatengeneza chanzo cha namna hiyo kwa bismuthi na shaba. Ungio moja aliliweka kwenye maji yanayochemka, jingine kwenye barafu inayoyeyuka. Kwa kuwa joto la vitu hivyo viwili halibadilikibadiliki, umeme wake nao ulitulia.

Waya nane za shaba

Januari 1826 Ohm aliandaa waya nane za shaba zenye unene uleule. Urefu wake ulikuwa inchi 2, 4, 6, 10, 18, 34, 66 na 130. Aliziunganisha moja baada ya nyingine na kusoma nguvu ya umeme kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa kwenye utepe mwembamba wa metali. Akarudia kazi hiyo siku baada ya siku.

Namba zilipokusanyika, mpangilio ukaonekana. Nguvu ya mkondo ilikuwa sawa na msukumo wa chanzo ukigawanywa kwa jumla ya vitu viwili. Cha kwanza ni ukinzani wa waya unaopimwa. Cha pili ni kiasi kisichobadilika, ambacho ni ukinzani wa sehemu nyingine ya mzunguko, pamoja na ndani ya chanzo chenyewe.

Kiasi hicho cha pili mara nyingi husahaulika kanuni inapofundishwa kwa kifupi. Lakini ndicho kilichoonyesha ukomavu wa Ohm. Alitambua kwamba hakuna chanzo cha umeme kisicho na ukinzani wake, na kwamba mzunguko lazima uhesabiwe wote, kuanzia kwenye betri, kupitia waya na maungio, hadi kwenye kifaa na kurudi.

Kanuni hiyo ndani ya gari

Karibu karne mbili baadaye, hesabu ya waya zile nane ndiyo inayoamua kama muziki wa gari utadumu au utanyamaza.

Amplifaya ikitoa msukumo wa volti 20 kwenye sabufa ya omu 4, mkondo utakuwa ampea 5 na nguvu itakuwa wati 100. Msukumo uleule ukiwekewa mzigo wa omu 2, mkondo hupanda hadi ampea 10 na nguvu wati 200. Kwa omu 1, hesabu ya karatasini inatoa ampea 20 na wati 400.

Hapo ndipo kishawishi kinapoanzia. Omu zikishuka, sauti inapanda bila kununua amplifaya mpya. Lakini mkondo unaoongezeka hupita pia ndani ya vipuri vya amplifaya. Mwaka 1841 Mwingereza James Joule alionyesha kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili katika waya uleule, joto huongezeka mara nne. Amplifaya iliyotengenezwa kuvumilia omu 2 ikifungwa mzigo wa omu 1 hupata moto. Ikiwa na kinga, hujizima yenyewe. Ikiwa kinga ni hafifu, vipuri huungua.

Kosa kubwa hutokea wakati wa kuunganisha spika zaidi ya moja. Sabufa mbili za omu 4 zikifungwa sambamba, yaani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, mzigo unakuwa omu 2, wala si omu 8 kama wengi wanavyodhani. Umeme umepewa njia mbili za kupita, hivyo kizuizi kinapungua. Zikifungwa kwa mfululizo, moja ikifuata nyingine, mzigo unakuwa omu 8, na nguvu inayotoka kwenye amplifaya inapungua.

Sabufa yenye koili mbili hufuata hesabu hiyohiyo. Koili mbili za omu 4 kila moja zinaweza kuwa omu 2 au omu 8, kutegemea fundi amezifunga vipi. Anayetaka omu 4 kamili hawezi kuzipata kwa sabufa moja ya aina hiyo ikiwa anatumia koili zote mbili. Itabidi achague sabufa yenye koili za omu 2, azifunge kwa mfululizo.

Mtego mwingine uko kwenye kuunganisha njia mbili za amplifaya ziwe moja ili kupata nguvu zaidi. Kila njia hapo hubeba nusu ya mzigo, kwa hiyo sabufa ya omu 4 huonekana kwa kila njia kama ni ya omu 2. Ndiyo maana amplifaya nyingi zinazoruhusu omu 2 kwa kila njia huruhusu omu 4 tu njia hizo zikiunganishwa.

Na kile kiasi cha pili cha Ohm, ukinzani wa chanzo na waya, nacho hakijaondoka. Betri ya gari ni ya volti 12, na injini ikiwaka hufika karibu 14. Amplifaya ikivuta ampea 50 kupitia kebo na maungio yenye ukinzani wa omu 0.04 kwa jumla, volti 2 hupotea njiani na wati 100 hugeuka joto kabla muziki haujapigwa. Dalili yake huonekana usiku, taa za mbele zinapofifia kila besi inapogonga. Dawa yake ni kebo nene, ungio safi la hasi kwenye bodi la gari, na fyuzi karibu na betri ili waya ukigusana na chuma usiwashe moto.

Kitabu kilichomponza

Mwaka 1826 Ohm aliomba likizo ya masomo. Alipewa mwaka mmoja kwa nusu mshahara, akaenda kukaa kwa Martin mjini Berlin. Mwaka 1827 alichapisha kitabu chake juu ya mzunguko wa umeme, kikiwa na nadharia nzima kwa lugha ya hisabati. Alitarajia kwamba chuo kikuu kimojawapo kingemwita.

Hakuna kilichomwita. Wanafizikia wengi wa Ujerumani wa wakati huo walizoea kueleza matukio kwa maneno na majaribio, na hisabati nzito iliwachosha. Wengine walifuata falsafa iliyoshikilia kwamba ukweli wa maumbile haupatikani kwa kupima vipandevipande. Mmoja wao, Georg Friedrich Pohl, alikishambulia kitabu hicho vikali katika jarida la uhakiki la Berlin. Ndani ya wizara ya elimu ya Prussia pia hakuwa na watu wa kumtetea.

Kwa mtu aliyekuwa ameweka matumaini yake yote katika kazi hiyo, pigo lilikuwa zito. Mwaka 1828, akiwa na umri wa miaka 39, alijiuzulu kazi yake ya Cologne. Hakuoa, na hakuwa na mali. Alibaki Berlin akifundisha vipindi vichache vya hisabati kwa wiki katika chuo cha kijeshi na kushika kazi za muda. Hali hiyo iliendelea kwa miaka mitano.

Kitabu, hata hivyo, kilianza kusafiri bila yeye. Mjini Leipzig, Gustav Theodor Fechner aliirudia kazi hiyo kwa majaribio mengi na kuithibitisha mwaka 1831. Nchini Urusi, Heinrich Lenz aliitumia katika utafiti wake. Huko Uingereza, Charles Wheatstone, aliyekuwa akishughulika na simu ya maandishi, aliona mara moja thamani ya kujua umeme utapungua kiasi gani katika waya mrefu. Waliomkubali Ohm kwanza walikuwa watu waliokuwa na waya mikononi.

Medali kutoka London

Mwaka 1833 Ohm alipata kazi ya kudumu katika chuo cha ufundi cha Nuremberg. Haikuwa chuo kikuu, lakini ilimrudishia utulivu. Mwaka 1839 alifanywa mkuu wa chuo hicho. Leo chuo cha mji huo kinaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1841 kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza. Mwaka huohuo Jumuiya ya Kifalme ya London ilimtunuku Medali ya Copley, tuzo yake kubwa kuliko zote, na mwaka uliofuata ikampokea kuwa mwanachama wa kigeni. Heshima hiyo ilitoka ugenini kabla ya nyumbani. Akademia ya Bavaria ilimpa uanachama kamili mwaka 1845.

Ohm na sikio

Wapenda muziki wana sababu nyingine ya kumkumbuka, ingawa hutajwa mara chache. Mwaka 1843 Ohm alichapisha kazi juu ya sauti. Alieleza kwamba sikio linaposikia mlio mchanganyiko huupambanua na kuugawa katika milio ya msingi, kila mmoja na kasi yake ya mtetemo.

Aliyepingana naye hadharani alikuwa August Seebeck, mtoto wa Thomas Johann Seebeck ambaye ugunduzi wake ulikuwa umemwokoa Ohm mwaka 1826. Ubishi wao ulikuwa mkali, na Ohm hakuushinda wakati huo. Baadaye Hermann von Helmholtz aliichukua hoja ya Ohm na kuijengea utafiti mkubwa juu ya usikivu wa binadamu. Utafiti wa karne ya 20 ulionyesha kwamba Seebeck naye alikuwa na sehemu ya ukweli.

Mfumo wa sauti wa gari hutumia wazo hilo la kutenganisha milio. Kichujio hutuma milio mizito kwenye sabufa na milio myembamba kwenye spika ndogo. Zikifika sikioni, msikilizaji husikia wimbo mmoja, huku akiweza kufuata gitaa la besi peke yake akipenda.

Kiti kilichochelewa

Mwaka 1849 Ohm aliitwa Munich kusimamia vifaa vya fizikia vya Akademia na kutoa mihadhara chuo kikuu. Alishauri pia serikali kuhusu simu ya maandishi. Mwaka 1852 hatimaye alipewa kiti cha uprofesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Alikikalia kwa miaka miwili tu. Alifariki Munich Julai 6, 1854, akiwa na miaka 65, na kuzikwa katika makaburi ya zamani ya kusini mwa mji huo.

Mwaka 1861 wahandisi wa simu za maandishi wa Uingereza walianza kupendekeza vipimo vya umeme viitwe kwa majina ya wanasayansi. Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris ukaidhinisha jina la omu, pamoja na volti na ampea. Kwa kuwa herufi O ingechanganywa na sifuri, kipimo hicho kikapewa alama ya omega.

Kwa nini kipima hakisomi 4

Kanuni ya Ohm ilitokana na umeme unaokwenda upande mmoja, kama wa betri. Muziki ni umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na hapo kuna kizuizi cha ziada. Koili ya spika ikiwa ndani ya sumaku huupinga umeme unaobadilika, na hupinga tofauti kwa mlio mzito na mlio mwembamba.

Aliyekipa kizuizi hicho cha jumla jina la impidansi, mwaka 1886, alikuwa Mwingereza Oliver Heaviside. Alikuwa mtumishi wa zamani wa simu za maandishi, aliyejisomea bila kufika chuo kikuu, na mke wa Wheatstone alikuwa shangazi yake. Hivyo kazi ya mwalimu wa Cologne ilikamilishwa na mtu mwingine aliyeishi nje ya milango ya wasomi.

Hii ndiyo sababu sabufa iliyoandikwa omu 4, ikipimwa kwa mita ya kawaida, husoma karibu 3.2 hadi 3.6. Mita hupima ukinzani wa waya wa koili peke yake. Namba iliyoandikwa na kiwanda ni impidansi ya kukadiria wakati muziki unapiga, na halisi hupanda na kushuka kadiri mlio unavyobadilika. Mita ikisoma chini ya 2, huenda koili ina hitilafu au spika imefungwa sambamba na nyingine. Ikikosa kusoma kabisa, waya umekatika.

Shaba ya Likasi

Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati wa ukoloni, ilikua kwa sababu ya metali ileile aliyoipima Ohm. Tangu mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kimekuwa kikisafisha shaba kwa umeme. Mwaka uliofuata bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kutoa umeme kwa ajili ya viwanda vya shaba vya eneo hilo. Shaba husafishwa hivyo kwa sababu hata uchafu kidogo ndani yake huongeza ukinzani, na mnunuzi wa waya hulipia ukinzani mdogo.

Hata hivyo, katika masoko mengi duniani huuzwa kebo za magari zenye alumini ndani na shaba kidogo juu. Kwa macho zinafanana na za shaba tupu. Alumini ina ukinzani unaozidi ule wa shaba kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo kebo ya namna hiyo inahitaji kuwa nene zaidi ili kubeba mkondo uleule. Anayekwangua ncha ya waya kwa kisu akaona weupe chini ya wekundu anajua anachouziwa.

Ohm hakuwahi kufika Afrika. Katanga ilianza kuchimbwa na makampuni zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake. Lakini kila fundi anayetoa mita, akaweka ncha zake mbili kwenye spika na kusoma namba kabla ya kuwasha amplifaya, anarudia kazi iliyofanyika Cologne mwanzoni mwa mwaka 1826: kupima kwanza, kuandika, kisha kuunganisha.